Watoto 14, mwalimu mmoja: kisa cha darasa la kuogelea la Jumamosi

Bwawa ni la hoteli ya kawaida jijini Dar es Salaam, lenye urefu wa mita 18 na upana wa mita 8. Upande mmoja ni wa maji mafupi. Sakafu inateremka polepole kwa mita 6 za mwanzo mpaka kina kinafika mita 1.2, kisha inadondoka ghafla hadi mita 2.1. Mwalimu ni wa muda. Siku za kazi anafundisha shule ya msingi, na Jumamosi na Jumapili asubuhi, saa 2 hadi saa 3, anafundisha watoto kuogelea. Darasa lake lina watoto 14, mdogo kabisa ana miaka 5 na mkubwa 11. Kisa hiki ni cha mfano na fedha zake ni za mfano, lakini kila kipande chake ni cha kawaida kwenye mabwawa yetu, na anayefundisha wikiendi atajiona humu ndani.

Dakika ya 35, watoto 11 wako kwenye ukingo wanapiga miguu. Mwalimu yuko katikati ya maji mafupi, mkono mmoja chini ya kisogo cha mtoto wa miaka 6 anayejifunza kuelea chali. Ili amshike vizuri amegeuka, na mgongo wake unaangalia maji marefu. Nyuma yake kuna watoto wawili waliomaliza zamu yao: mvulana wa miaka 10 anayejua kuogelea kiasi, na msichana wa miaka 7 ambaye siku hiyo amevuliwa kwa mara ya kwanza yale maboya ya mikononi yanayojazwa upepo. Wameambiwa, "Subirini hapo."

Msichana anasubiri kwa kurukaruka, kama mtoto yeyote asubirivyo majini. Urefu wake ni sentimita 118. Maji yanapomfika kwapani, mwili umeshaanza kubebwa, nyayo hazina tena uzito wa kukamata sakafu. Kila akiruka anatua kidogo mbele, na mbele ni mteremko. Akijaribu kurudi, vidole vinasukuma sakafu iliyoinama na badala ya kumpandisha vinamtelezesha chini zaidi. Anakaribia mita 6 bila kujua.

Hakulia wala hakuita. Kichwa kililala nyuma, mdomo ukawa usawa wa maji, unazama, unaibuka, unazama. Mikono ilikuwa imetanuka pembeni ikikandamiza maji kwenda chini, kama mtu anayejaribu kujiinua kwenye meza. Miguu haikupiga, mwili ulisimama wima. Nywele zilimfunika macho na hakuziondoa, kwa sababu mikono haikuwa na nafasi ya kazi nyingine. Mvulana ndiye aliyeuliza, "Mwalimu, huyu anafanya nini?" Mwalimu akageuka, akamshikisha ukingo yule wa miaka 6, akapiga hatua nne na kumnyanyua. Msichana akakohoa, akatapika maji kidogo, akalia. Kulia ni habari njema: anayelia anapumua.

Huo ukimya ndio watu wengi hawaujui. Frank Pia, aliyekuwa mwokoaji katika ufuo wa Orchard Beach, New York, aliwachunguza watu wanaozama na kueleza kwamba anayezama kwa kweli hawezi kuita. Pumzi inapewa kwanza kazi ya kupumua, kusema kunakuja baadaye, na mdomo hauko juu ya maji muda wa kutosha kufanya yote mawili. Hawezi kupunga mkono pia. Kwa maelezo yake, mapambano hayo juu ya maji huchukua sekunde 20 hadi 60 tu kabla mtu hajazama. Kwa hiyo mwalimu anayesema "ningesikia" anategemea sauti ambayo haiji. Na mama wa mtoto, aliyekuwa mezani mita tano kutoka bwawani, alikuwa anatazama na akaona mtoto anacheza.

Baada ya kutolewa majini

Mtoto aliyekohoa na kulia anakaushwa, anafunikwa taulo, anakalishwa, na darasa linasimama. Mzazi anaambiwa ukweli wote papo hapo: amekunywa maji, alikuwa kwenye shida, ilichukua muda gani. Kwa saa kadhaa zinazofuata anaangaliwa. Kikohozi kisichokatika, kupumua kwa haraka au kwa kujivuta, midomo kubadilika rangi, usingizi au uchovu usio wa kawaida, lolote kati ya hayo ni safari ya hospitali bila kungoja kesho. Hapa walimu wa muda wengi huteleza: wanamtuliza mtoto, wanampa juisi, na wanamwambia mzazi "kashtuka tu" kwa kuogopa kupoteza mteja.

Mtoto akitolewa hapumui, mambo ni mengine. Mlaze chali mahali pagumu, inua kidevu, mpe pumzi 5 za kuanzia mdomo kwa mdomo, kisha mibano 30 ya kifua na pumzi 2, endelea hivyo mpaka apumue au msaada ufike. Wakati huohuo mtu mwingine anapiga simu na kutafuta gari. Aliyezama amekosa hewa, ndiyo maana pumzi zinatangulia. Kumning'iniza kichwa chini au kumkamua tumbo ili maji yatoke kunapoteza dakika zisizorudi na kunaweza kupeleka matapishi kwenye mapafu. Bado watu wazima wanalifanya hilo ufukweni mbele ya macho yetu, tena kwa nia njema.

Kosa lilianzia wapi

Jibu la haraka ni kwamba mwalimu aligeuza mgongo. Ni kweli, aligeuza. Lakini mwalimu mmoja mwenye watoto 14 lazima atageuza mgongo, kama si dakika ya 35 basi ya 40. Kumfundisha mtoto kuelea kunahitaji macho na mikono yote miwili kwa sekunde 20 au 30 kila zamu. Zidisha kwa 14. Hakuna mahali pa kusimama ndani ya bwawa ambapo mtu atamshika mmoja na kuwaona 13.

Kwa hiyo swali la maana ni: kwa nini watoto walikuwa 14?

Mzazi analipa shilingi 10,000 kwa kila somo. Hoteli inachukua 6,000, mwalimu 4,000. Malipo ni kwa kichwa. Watoto 14 wanampa shilingi 56,000 kwa saa moja; watoto 6 wangempa 24,000, na humo atoe nauli na chai. Mtoto wa kumi na tano akija na mama yake getini, hakuna mtu pale ambaye kipato chake kinamwambia akatae. Hoteli inapata zaidi, mwalimu anapata zaidi, mzazi anafurahi kupata nafasi. Huo ndio mzizi wa kisa, na tunausema waziwazi kwa sababu semina nyingi za usalama humhubiria mwalimu awe makini, halafu zinamwacha na mkataba uleule unaomlipa kwa kutokuwa makini.

Juu ya mzizi huo kuna sababu nyingine nne, na kuondoa moja tu kungeweza kukata mnyororo.

Mhudumu wa bwawa, ambaye kwenye karatasi ndiye mwokoaji, alikuwa amekwenda kuchukua taulo. Kazi yake nyingine ni kupokea oda za soda. Mwokoaji mwenye kazi ya pili si mwokoaji.

Hakukuwa na kamba ya maboya kutenganisha maji mafupi na marefu. Ilikuwepo zamani, ikatolewa kwa ajili ya picha za harusi, ikabaki stoo.

Maboya ya mikononi yalikuwa yamefanya kazi yake mbaya kimyakimya kwa wiki sita. Yanambeba mtoto wima, kichwa juu, miguu chini, na mtoto anazoea kwamba hivyo ndivyo maji yanavyombeba. Wima ni mkao uleule wa mtu anayezama. Siku yanapovuliwa, mwili unajua kitu kimoja tu, nacho hakifanyi kazi. Ubao wa kupigia miguu au mkono wa mwalimu ni bora mara nyingi, kwa sababu vinamlaza mtoto. Kama mzazi anataka kifaa cha usalama kwenye boti au ufukweni, anunue jaketi la kuokolea la saizi ya mtoto, lenye mkanda wa kupita katikati ya mapaja, na asilichanganye na kifaa cha kujifunzia.

Na "subirini hapo" si maelekezo. Hapo ni wapi? Majini hakuna "hapo". Mtoto anayesubiri ama ana mkono kwenye ukingo, ama amekaa nje na miguu majini.

Kilichobadilishwa, na kilichogoma

Darasa likagawanywa makundi matatu ya 5, 5 na 4, kwa uwezo na si kwa umri: wasioweza kuzamisha uso, wanaoelea kwa kushikwa, wanaoweza kwenda mita 5 wenyewe. Kila kundi dakika 40, likitoka lingine ndipo linaingia. Watoto wanahesabiwa kwa sauti na kwa daftari wakiingia, katikati, na wakitoka, na mtoto wa kundi linalofuata haruhusiwi kukaribia ukingo.

Mwalimu akahamia ukutani. Sasa mgongo wake uko kwenye ukuta wa maji mafupi, watoto wako mbele yake kwenye ukingo wa pembeni, na maji marefu yako mbele ya macho yake hata anapokuwa amemshika mtu. Mabadiliko haya hayakugharimu hata shilingi, na kama kuna jambo moja la kuanza nalo Jumamosi ijayo, ni hili.

Kamba ikatolewa stoo, lakini mara ya kwanza iliwekwa vibaya. Waliifunga pale pale sakafu inapodondoka, mita 6. Mtoto mdogo akiifikia ameshachelewa. Anaishika, inazama naye. Ikarudishwa nyuma mpaka pale ambapo maji yalimfika kifuani mtoto mfupi kuliko wote, na ikakazwa hadi haizami kwa uzito wa mkono. Kipimo ni kifua cha aliye mfupi zaidi siku hiyo. Namba iliyochorwa ukutani haijui nani amekuja leo.

Mhudumu akapewa kiti, filimbi, na amri ya maandishi kutoka kwa meneja kwamba watoto wakiwa majini hauzi kitu na hashiki simu. Pembeni ya kiti uko mti mrefu wa wavu wa kuopolea majani na dumu tupu la lita 5 lililofungwa kamba ya mita 10. Mfikishie mti, ukishindwa mrushie dumu. Kuingia majini ni hatua ya mwisho na ni ya aliyefundishwa. Dumu liwekwe maji kidogo ndani, kama kikombe kimoja, la sivyo upepo wa bahari unalirudisha kabla halijafika.

Wazazi ndio waliogoma. "Mwalimu, mbona dakika zimepungua na hela imepanda?" Jibu lililowaridhisha wengi lilikuwa la hesabu: "Mama, zamani mtoto alikuwa saa nzima majini, ila mikononi mwangu alikuwa dakika tatu. Sasa ni dakika arobaini, mikononi mwangu ni sita hivi." Kuna na sababu ya mwili. Mtoto mdogo hupoteza joto haraka, hata kwenye maji ya nyuzi 28 atatetemeka baada ya nusu saa na ushee, na anayetetemeka hajifunzi, anakaza misuli. Kwenye mabwawa ya Nairobi mwezi Julai, maji yakiwa baridi, hata dakika 25 zinatosha.

Ndani ya dakika 40

Kundi la kwanza, wasiozamisha uso, ndilo gumu na ndilo lenye makosa mengi, kwa hiyo tulikalie.

Dakika 5 za mwanzo ziko nje ya maji: kuhesabu, kukumbusha sheria mbili (hatuingii bila kuitwa, mkono ukingoni ukisubiri), na kuangalia maji. Mwalimu aone mistari ya vigae chini ya maji marefu waziwazi. Asipoiona, hakuna somo, kwa sababu aliyezama chini hataonekana. Apime klorini na pH kwa kipimo cha matone: klorini huru, yaani ile ambayo bado ina nguvu ya kuua vijidudu, kati ya miligramu 1 na 3 kwa lita, na pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, kati ya 7.2 na 7.8. Harufu kali na macho mekundu watu huyasoma kuwa "dawa imezidi"; mara nyingi ni kinyume, ni klorini iliyokwisha kuungana na jasho na mkojo, na bwawa linahitaji kutibiwa upya. Jua la Dar pia linaila klorini, hivyo kipimo cha jana jioni hakimsaidii mtu leo.

Dakika 8 zinazofuata ni pumzi. Mtoto anashika ukingo, anapuliza maji kama anapoza uji, kisha midomo ndani, kisha pua, kisha macho. Kosa la kawaida ni kumwambia "vuta pumzi nyingi". Akijaza kifua na kuibana, anatoka amepasuka anatafuta hewa na anaogopa zaidi. Anavuta kidogo, anatoa yote majini kwa sauti, mapovu yakionekana. Asiyetaka kuzamisha uso asisukumwe kichwa, hata kwa utani. Kumzamisha mtoto kwa nguvu mara moja kunaweza kula wiki nyingi za kazi. Mpe kikombe ajimwagie mwenyewe kichwani. Mkono unaomwaga ukiwa wake, hofu hupungua.

Dakika 12 ni za kuelea chali, na hapa mzazi anaambiwa mapema, mbele ya mtoto, mkono wa mwalimu utakaa wapi: kisogoni na katikati ya mgongo, kamwe si penginepo. Mwalimu haingii chumba cha kubadilishia nguo na habaki peke yake na mtoto bwawani. Kwa wasichana wakubwa ambao familia inataka mwalimu mwanamke na vazi la kufunika mwili, vyote viwili vinawezekana; walimu wa mradi wa Panje huko Nungwi, Unguja, wamewafundisha wasichana kuogelea katika mavazi ya namna hiyo. Vazi liwe jepesi na la kubana. Dera la pamba hunyonya maji na kuvuta chini.

Katika kuelea, masikio lazima yawe ndani ya maji. Mtoto hataki, kwa sababu maji masikioni yanamnyima sauti, basi anainua kichwa kuona vidole vyake. Kichwa kikipanda kiuno kinazama, anakaa kama aliye kwenye kiti, anazama. Usimwambie "nyoosha mwili". Mwambie atazame mti au wingu na ainue tumbo juu. Mkono wa mgongoni unatoka kwanza, halafu kisogoni inabaki ncha ya vidole viwili, halafu hamna. Sekunde 10 bila mkono ndizo zinazotafutwa kabla ya kitu kingine chochote.

Dakika 10 ni za kusukuma ukuta, kuteleza, kujigeuza chali na kurudi kushika ukuta. Wazazi wanataka fristaili, ule mtindo wa kulala kifudifudi na kupishanisha mikono, na fristaili itakuja, lakini msichana wa kisa chetu angekuwa ameelea chali kabla ya yote, angekuwa na muda. Miguu ipigwe kutoka nyongani, magoti yakilegea kidogo. Wengi huanza kwa kuendesha baiskeli, maji yanaruka sana na hawaendi popote. Dakika 5 za mwisho ni kutoka majini, kuhesabiwa na kukabidhiwa kwa mzazi mkono kwa mkono. "Wakati wa kucheza" baada ya somo ulifutwa, kwa kuwa ndio wakati kila mtu mzima huamini mwingine anaangalia.

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2024 ilikadiria vifo vya kuzama 300,000 duniani mwaka 2021, na kwa watoto wa miaka 5 hadi 14 kuzama ni sababu ya tatu ya vifo. Shirika hilohilo linahimiza watoto wa umri wa shule wafundishwe kuogelea. Mwalimu wa wikiendi ni sehemu ya dawa hiyo, na ndiyo sababu mkataba wake unastahili kuandikwa vizuri.

Mkataba mpya

Ada ilipanda hadi shilingi 12,000. Watoto 14 wanaleta 168,000 kwa siku. Hoteli inabaki na 84,000 yake ileile ya zamani. Mwalimu analipwa kwa kipindi: 25,000 kwa kila kundi, makundi matatu 75,000. Zinabaki 9,000 zinazokwenda kwenye kisanduku cha huduma ya kwanza, kipimo cha maji na mbao za kupigia miguu. Mwalimu anafanya kazi saa mbili badala ya moja, na kwa saa anapata pungufu kuliko 56,000 za awali. Tusimfiche hilo. Anachopata badala yake ni uhakika: kundi likija na watoto watatu, malipo ni 25,000. Zamani masika ya Machi hadi Mei yalimwacha na watoto wanne na shilingi 16,000, na ndiyo miezi iliyomfundisha kutomkataa mtoto yeyote miezi mingine.

Kikomo cha watoto 5 kwa kundi kimeandikwa, na wa sita akiletwa, anayemkataa ni mapokezi ya hoteli. Mwalimu mwajiriwa wa muda asiwekwe mahali pa kubishana na mzazi getini.

Kifungu cha mwisho ni cha radi. Ngurumo ikisikika, wote wanatoka majini, na hawarudi mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Kipindi kilichokwisha kuanza kinalipwa chote, 25,000 kamili, ili mwalimu asiwe na sababu ya kuangalia mawingu akiwa bado anahesabu vichwa.